Mwanangu aliponiita "kocha" mezani

KochaWaReli (Tororo), mleta uzi

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Uzi wangu ni mrefu, mniwie radhi. Nimeubeba moyoni tangu Desemba na leo nautua hapa.

Mimi ni mkazi wa Tororo. Mchana nashughulika na makaratasi ya forodha pale mpakani Malaba, na jioni tatu kwa wiki nafundisha mpira watoto walio chini ya miaka 13, kwenye kiwanja kilicho jirani na reli. Golikipa wa timu hiyo ni mwanangu wa kwanza.

Timu yenyewe hakuna aliyekaa chini akaipanga. Shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wote hawakurudi madarasani hadi tarehe 10 Januari 2022. Wenye watoto mnakumbuka: unaamka unamkuta mtoto ameketi mlangoni, kashika tama, hana pa kwenda. Rafiki yangu mkubwa ni dereva wa lori, njia yake Mombasa hadi Kampala, mara nyingine anafika Juba. Tunamwita Ssalongo kwa kuwa ana mapacha wa kike, na kabla yao ana kijana wa rika la wangu. Miezi ile ya mwanzo ya korona madereva wa malori ndio walioogopwa kuliko watu wote. Foleni ya kupimwa Malaba ilikuwa ya siku kadhaa, na dereva akionekana mtaani watu walifunga madirisha.

Siku moja Ssalongo alikuja akasimama mwisho wa njia ya kwetu, hakuthubutu kusogea. Mwanawe alikuwa uani kwangu anacheza. Alipomwona baba yake alitaka kukimbia, nikamshika bega. Basi akaupiga mpira kuelekea kule. Ssalongo akautuliza kwa mguu, akatoa chupa ya maji ya sabuni mfukoni, akachuchumaa akausugua mpira mzima polepole, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga kichwa, kisha akaurudisha kwa pasi ya chini. Walipigiana hivyo karibu nusu saa, hatua kama arobaini kati yao, hakuna aliyesema neno. Watoto wa majirani wakatoka mmoja mmoja wakasimama kutazama. Kesho yake wanane walikuja kwangu kuuliza kama mpira upo. Hadi masharti yalipolegezwa na tukaweza kufanya mazoezi ya kweli, walikuwa wamefika ishirini.

Baba yangu mzazi alikuwa mtu wa reli. Mpira aliupenda sana. Alitusimulia jinsi walivyojazana kwenye redio moja Machi 1978, Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, wakicheza fainali ya Kombe la Afrika na Ghana kule Accra, wakafungwa 2-0. Mabao matatu aliyofunga Phillip Omondi katika mashindano yale baba aliyajua yote. Ya kwangu sijui kama aliyajua. Alikuja kiwanjani mara moja tu utoto wangu wote, akasimama pembeni na baiskeli yake, akaondoka kabla ya mapumziko ili awahi zamu. Kwa hiyo nilipopata mtoto niliapa kwamba mimi nitakuwepo, na kweli nimekuwepo. Sijakosa mazoezi hata siku moja. Niliamini hilo linatosha.

Mwanangu alichagua kukaa golini mwenyewe. Tarehe 4 Septemba 2016, Cranes walipoifunga Comoros 1-0 uwanjani Namboole na kurudi Kombe la Afrika baada ya miaka 39, alikuwa na miaka minne, nimembeba mabegani ndani ya kibanda cha video. Watu wakaliimba jina la Farouk Miya aliyefunga bao. Yeye akainama sikioni mwangu akauliza kwa nini yule mwenye glavu haimbiwi. Tangu siku hiyo mtu wake ni golikipa Denis Onyango.

Sasa Desemba. Mashindano ya mtaa ya likizo, robo fainali, mvua inanyesha, 1-1, zimebaki dakika chache. Likaja shuti la chini, jepesi kabisa. Mwanangu akainama kuudaka akiwa ameachanisha miguu, hakuweka goti nyuma ya mikono. Mpira ulikuwa umelowa, ukateleza mikononi, ukapita katikati ya miguu, ukavuka mstari taratibu. Tukatoka.

Kutoka kiwanjani hadi nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa baiskeli yenye mtu nyuma. Dakika zote hizo nilisema goti. Goti liko wapi? Nimekufundisha mara ngapi habari ya goti? Mikono ikikosa, goti linazuia. Sikumpigia kelele. Nilisema kwa upole, kama mwalimu, na upole huo ndio ulionifanya nione nafanya vyema.

Usiku tukaketi kula, posho (ugali) na maharagwe. Mwanangu akanyoosha mkono akasema, "Kocha, naomba chumvi."

Mama yake aliweka kijiko chini. Mimi nikampa chumvi. Hakuwa anakejeli, naapa. Alisema kwa heshima ileile ya uwanjani, macho chini. Wala hakujua kama amesema. Akatia chumvi, akala, akaosha mikono, akaenda kulala.

Sikupata usingizi. Siku mbili baadaye nilimfuata Ssalongo Malaba, lori lake limeegeshwa likisubiri karatasi. Alikuwa amewasha jiko la mkaa kivulini mwa tela, anakata vitunguu juu ya kifuniko cha sufuria. Nikamweleza yote. Hakuacha kukata. Alipomaliza akapangusa kisu kwenye kitambaa, akaniambia:

"Ndugu yangu, mwanangu akinipigia simu ananihadithia habari zako. Kocha amenifuta matope. Kocha amecheka nilipoanguka, akaniambia inuka simba. Wangu anapata uzuri wako wote. Wako anapata kilichobaki."

Nikanyamaza. Akaendelea: "Mimi mwezi mzima nalala nyumbani siku saba au nane. Nina udhuru. Wewe udhuru wako nini?"

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye ningemruhusu kuniambia hivyo. Tumefahamiana tangu darasa la tatu. Tulikula, tukanywa chai, na kabla sijaondoka tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, mambo ya golini yakimhusu mwanangu mimi sisemi kitu. Ssalongo akiwa nyumbani anamfundisha yeye, maana ujanani alidaka, na asipokuwepo kuna mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi aliyewahi kudaka ambaye amekubali kutusaidia. La pili, kutoka kiwanjani hadi tunapovuka reli, hakuna habari za mpira isipokuwa mtoto azianzishe mwenyewe.

Wiki ya kwanza ile njia ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Juba. Nilikuwa na maneno mdomoni hadi taya linauma. Mtoto naye alikaa nyuma akisubiri nianze. Wiki ya pili akaniuliza nani alikuwa wa kwanza kupanda juu ya ule mwamba wetu wa Tororo. Sikujua, tukabuni majibu. Wiki ya tatu akasema, mkono wake umeshika shati langu kiunoni: "Baba, ule mpira wa Desemba niliuona unakuja. Niliuona vizuri. Nilikuwa nafikiria utasema nini nikiukosa."

Nilisimamisha baiskeli. Nilimwambia nisamehe mwanangu. Sikuongeza neno.

Nawauliza wenzangu mnaofundisha: mnafanyaje? Mnawezaje kuwa wote wawili?

Bombo_Juu

Mwanangu, nakuita mwanangu kwa sababu nina miaka sabini na kidogo. Nimestaafu jeshini, niko hapa Bombo. Nilifundisha timu ya watoto wa kambini miaka mingi na wanangu watatu walipitia mikononi mwangu. Niliwafundisha kijeshi. Aliyekosa penalti alizunguka kiwanja mara kumi, na kama ni mwanangu, kumi na tano, ili watu wasiseme ninapendelea.

Wawili walicheza klabu kubwa. Watu hunisifu kwa hilo hadi leo. Wa tatu aliacha mpira akiwa na miaka kumi na minne, akaniambia ana maumivu ya tumbo, na kila siku ya mazoezi tumbo lilimuuma. Sasa ni mtu mzima ana watoto wake. Hunipigia simu Idi mbili kwa mwaka, tunasalimiana, ananiuliza afya, ananitakia heri. Simu haifiki dakika tatu.

Umemwomba mtoto msamaha akiwa na miaka kumi na miwili. Mimi nimeandika barua yangu mara nne na bado imo kwenye Msahafu.

Mkufunzi_Jinja

Heshima kwa mzee wa Bombo na kwa mleta uzi, ila nataka kutofautiana kidogo. Nafundisha chini ya 15 hapa Jinja. Tatizo la mtoto wa kocha halipo nyumbani tu. Wazazi wengine wanakutazama. Mtoto wako akianza mechi, wanasema ni kwa sababu ni wako. Ukimbadilisha mwingine na wako akabaki, umeharibu. Ukiwa mlaini kwa wako hadharani, timu inakufa. Mimi binti yangu yumo kwenye timu na namkaza kuliko wenzake, na anaelewa kwa nini.

Halafu jambo jingine dogo la kiufundi: hao wa chini ya 13 mnawachezesha mpira namba ngapi? Namba 5 ukilowa ni mzito kwa viganja vya mtoto wa miaka kumi na miwili. Tumia namba 4. Huenda lile bao la Desemba nusu yake ni la mpira.

KochaWaReli (Tororo)

@Bombo_Juu mzee wangu, nimesoma mchango wako mara tatu. Tafadhali itoe barua. Usiisahihishe tena.

@Mkufunzi_Jinja tulitumia namba 5 kwa sababu ndio uliokuwepo. Umenipiga mahali penyewe, kwa sababu nilifikiria goti usiku na mchana wala sikuufikiria mpira. Nimenunua namba 4 mbili wiki hii.

Kuhusu upendeleo ni kweli, wazazi wanatazama. Nilichofanya ni kujitoa. Nani anakaa golini anaamua yule mwalimu, mimi naletewa jina tu. Kuna Jumamosi mbili mwanangu alianzia benchi na sikuulizwa. Mzazi mwenye lalamiko anajua aende kwa nani. Ila hilo la "anaelewa kwa nini", ndugu yangu, wangu naye alikuwa anaelewa. Angekueleza sababu zangu zote vizuri kuliko mimi. Kuelewa hakukumfanya asiogope.

Mama_Wa_Pete (Gulu)

Naomba na sisi akina mama tusikike. Nafundisha mpira wa pete kwa wasichana, na ninalea peke yangu, wa kiume mmoja na wa kike mmoja. She Cranes, timu ya taifa ya mpira wa pete, walipomaliza nafasi ya tano kwenye Kombe la Dunia kule Cape Town mwaka 2023, uwanja wangu ulijaa hadi nikakosa pa kuweka vikoni. Lakini nataka kusema juu ya mvulana wangu.

Yeye ana kocha wa kiume. Alianza kumwita kocha, baadaye akawa anasema "kocha wangu", na siku moja nikamsikia akiwaambia wenzake "baba amesema tufike saa kumi". Hana baba mwingine anayemjua. Sikumsahihisha. Yule kocha alikuwa mtu mwema, simlaumu kwa wema wake. Katikati ya muhula alipata kazi mji mwingine akaondoka Jumanne. Watoto walifika Jumatano na njumu zao mikononi, wakakaa kwenye nyasi hadi giza likaingia. Hakuna aliyewaambia. Mwanangu alikwenda tena Ijumaa. Na Jumatano iliyofuata.

Makocha, mkijua mnaondoka, njooni mseme. Hata kama mtalia mbele ya watoto. Mtoto anayeagwa anaweza kulia akamaliza.

Na jingine, sisemi kwa kumshuku mtu: kila timu iwe na watu wazima wawili, mtoto asibaki peke yake na kocha, asipandishwe boda boda na kocha usiku mzazi hajui. Kocha mwema hachukii kuwekewa utaratibu huo, naye unamlinda.

Mlima_Elgon

Kapchorwa hapa. Huku kwetu si mpira, ni mbio. Peruth Chemutai alipochukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji mita 3000 kule Tokyo mwaka 2021, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja na alikuwa anakimbia kwa furaha tu, anakimbia hata akitumwa chumvi. Nilinunua saa ya kupimia muda. Kila asubuhi nilisimama kwenye kona na saa mkononi. Baada ya miezi sita alikuwa anafika pale kwenye kona anatazama mkono wangu kabla ya kunitazama uso.

Saa iko kwenye kabati sasa. Ameanza kukimbia tena mwezi wa pili huu, anakwenda na binti wa jirani, wanaongea njia nzima. Najizuia nisiwafuate.

Kocha_Kambini (Nakivale)

Salamu kutoka Isingiro. Mimi ni mtu wa Kivu, niko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale tangu 2013. Timu yangu ina watoto wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, na wenyeji wa vijiji vya jirani. Mwanzoni walitaka kucheza nchi kwa nchi. Nikakataa, nikawagawa kwa mwezi waliozaliwa, na kwa wasiojua mwezi, tukauchagua pamoja. Sasa yuko mtoto anayejiita wa Agosti, na rafiki yake mkubwa ni wa Agosti mwenzake ambaye hawana lugha moja isipokuwa Kiswahili hiki tunachoandika hapa.

Mleta uzi, mimi sina mtoto wangu kwenye timu. Niliwaacha nyumbani na mama yao, hatujaonana. Nikimfuta mtoto wa mwenzangu matope ninajua nafanya kwa ajili ya nani. Huyo Ssalongo wako mwambie nimemsikia.

KochaWaReli (Tororo)

Kaka wa Nakivale, nimemsomea Ssalongo mchango wako kwa simu jana usiku, alikuwa Eldoret. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Akasema nikuambie kwamba akipata mzigo wa Mbarara atakutafuta.

Mama wa Gulu, nimeisoma hadithi ya zile njumu mbele ya wenzangu wawili tunaosaidiana. Tumeandika karatasi moja: watu wazima wawili kila mazoezi, na anayeondoka anaaga. Tumetia sahihi wote watatu na wazazi wamepewa nakala.

Mkufunzi wa Jinja, mipira namba 4 imefika. Watoto wameipenda, wanasema inatii.

Mkufunzi_Jinja

Nimerudi kwa mara ya mwisho. Nilimuuliza binti yangu jana usiku kama angependa mtu mwingine amfundishe. Nilitarajia aseme hapana. Alisema, "Jumatano tu, baba. Jumatano moja." Nimempigia rafiki yangu mmoja aliyecheza kiungo zamani. Anakuja Jumatano.

KochaWaReli (Tororo)

Nawaletea habari za Jumapili halafu nauacha uzi kwenu.

Ssalongo alirudi Ijumaa. Jumapili tulicheza na timu ya upande wa pili wa mji. Yeye alisimama nyuma ya goli la mwanangu, mimi nikasimama upande wa benchi na chupa ya chai. Mwanawe Ssalongo anacheza kulia, kila akipita mbele yangu nilimwambia neno, na kila mpira ulipokwenda golini kwetu nilifunga chupa na kuifungua. Kipindi cha pili ikaja krosi, mwanangu akatoka, akachelewa nusu hatua, wakafunga kwa kichwa. Nilimwona anageuka kunitafuta. Nikamnyooshea kikombe cha chai juu, basi. Nyuma ya wavu Ssalongo alikuwa tayari amechutama anamwonyesha kwa mikono mahali pa kuanzia. Tuliishia 2-2.

Tulipofika kwenye reli, treni ya mizigo ilikuwa inapita, ikabidi tusubiri. Alishuka kwenye baiskeli akasimama karibu yangu, glavu zimening'inia shingoni, anahesabu mabehewa kwa sauti. Alipofika ishirini na moja akakosea kwa sababu yalikuwa yanakwenda kasi, akaniuliza, "Baba, wewe umepata ngapi?"

Nilikuwa sihesabu. Nilikuwa namtazama yeye. Nikamwambia tusubiri inayofuata.